Ulikuwa unaelekea wapi? Uchambuzi wa kisa kimoja cha sakafu ya nyonga

Mwalimu alifika kwangu kwa ajili ya goti. Barua ya daktari ilikuwa na mistari miwili: mwanamke, miaka 61, ameanguka nyumbani wiki tano zilizopita, goti la kulia limevimba, picha haionyeshi mfupa uliovunjika, naomba mazoezi. Barua za namna hii huja kila wiki katika fiziotherapia, na ni rahisi mtu kuanza kuzijibu kwa mikono kabla hajazisoma vizuri.

Nilimpima goti, nikamwonyesha mazoezi ya kuimarisha paja, kisha nikamwomba apande na kushuka kidaraja cha mazoezi. Alipanda mara mbili akasita. Akasema goti linauma. Lakini alikuwa amebana mapaja, na mkono mmoja umeshika pindo la sketi. Akauliza tena choo kiko upande gani. Ilikuwa mara ya pili katika dakika 40.

Aliporudi nikamuuliza: "Mwalimu, usiku ule ulipoanguka, ulikuwa unaelekea wapi?"

Alikaa kimya kwanza, akageuka kuhakikisha kwamba mlango umefungwa.

"Chooni," akasema. "Nilikuwa nawahi, mwanangu. Sikufika."

Daktari alikuwa ameambiwa kwamba aliteleza, na ni kweli aliteleza. Aliteleza kwenye mkojo wake mwenyewe, gizani, hatua tatu kabla ya mlango wa choo.

Ameniruhusu niandike kisa chake, na nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Ninakiandika kwa sababu naamini wako wanawake wengi wanaotibiwa goti, nyonga au mkono uliovunjika huku kilichowaangusha hakijaguswa na mtu.

Alichokuwa amekificha

Mkojo ulianza kumtoka akiwa na miaka hamsini na kidogo. Mwanzoni ni tone tu akipiga chafya. Baadaye akicheka, akiinuka kitini, akibeba rundo la madaftari ya wanafunzi. Alijizoeza: pedi mbili badala ya moja, sketi nyeusi, kiti cha karibu na mlango kwenye kila mkutano. Aliacha kwaya, kwa sababu kusimama saa nzima na kupandisha sauti kulimlowesha. Akiwa kazini hakunywa maji kuanzia asubuhi hadi kipindi cha mwisho. Na kila alipopita karibu na choo aliingia, hata kama hakuhisi haja, "isije ikanishika darasani".

Kwa miezi minane hivi hali ilikuwa imebadilika. Sasa mkojo ulikuwa unakuja pia kwa ghafla, bila kikohozi wala kicheko. Akitia ufunguo mlangoni, kibofu kinafunguka. Akisikia bomba linatiririka, vivyo hivyo. Usiku aliamka mara tatu au nne. Jioni, baada ya siku ya kusimama, alihisi uzito ukeni, kama kuna mpira mdogo unaotaka kutoka.

Amezaa mara nne, wote kwa njia ya kawaida. Nilipouliza juu ya uzazi wa kwanza alitabasamu kwa uchungu. Alikuwa na miaka 27, alisukuma kwa muda mrefu, mwishowe mtoto akavutwa kwa koleo za kuzalishia. Alishonwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Hakuna aliyemwambia chochote kuhusu misuli ya chini.

Hedhi ilikoma akiwa na miaka 50. Ana presha, anatumia dawa. Hana kisukari. Choo chake ni kigumu, husukuma sana. Ana kikohozi kikavu kisichoisha, ambacho alidhani ni vumbi la chaki.

Miaka kadhaa nyuma aliwahi kumweleza mhudumu mmoja wa afya juu ya mkojo. Akajibiwa kwamba ni umri, na kwamba amezaa. Hakuuliza tena.

Sitaki kumlaumu sana aliyetoa jibu hilo, kwa kuwa kila neno lake lina ukweli ndani yake. Umri unachangia, na kuzaa kunachangia. Tatizo ni kwamba jibu hilo lilimfungia mlango. Mgonjwa akiambiwa ni umri anaelewa kwamba hakuna la kufanya, naye akaenda kununua pedi kwa miaka.

Sakafu yenyewe

Kabla sijaeleza nilichokuta, niseme sakafu ya nyonga ni nini, kwa kuwa Mwalimu, mwanamke aliyefundisha sayansi miaka zaidi ya thelathini, hakuwahi kuichora ubaoni.

Ni misuli na tishu ngumu zilizotandazwa kama machela chini ya fupanyonga, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake vimekaa kibofu, mfuko wa uzazi na puru. Katikati yake kuna uwazi ambamo njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa hupita. Kazi yake ni ngumu kwa sababu inatakiwa ifanye mambo yanayopingana: ishikilie viungo visishuke, ifunge njia zisivuje, na wakati huohuo ilegee tunapotaka kwenda haja, tunapojamiiana na tunapozaa. Takriban theluthi mbili ya nyuzi zake ni za polepole, zinazoshikilia saa baada ya saa tukiwa tumesimama. Zilizobaki ni za haraka, zinazofunga kwa kufumba na kufumbua chafya inapokuja.

Wakati wa kuzaa, sehemu ya ndani kabisa ya misuli hii hunyooka hadi mara tatu ya urefu wake na zaidi ili kichwa cha mtoto kipite. Hakuna msuli mwingine wa mifupa unaodaiwa hivyo. Mara nyingi hurudi. Wakati mwingine upande mmoja hung'oka kwenye mfupa wa kinena, na hatari hiyo ni kubwa zaidi mtoto anapovutwa kwa koleo.

Basi kwa nini jeraha la miaka 27 lisubiri hadi miaka 50 na kitu? Kwa sababu mwili wa kijana una akiba. Msuli uliobaki hufanya kazi ya ulioondoka. Ukuta wa njia ya mkojo ni mnene, una damu nyingi, unajibana wenyewe kama midomo laini. Kisha akiba inaliwa polepole. Nyuzi za misuli hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka baada ya ukomo wa hedhi, tishu za uke na za njia ya mkojo huwa nyembamba na kavu, na ule mbano laini unapungua. Figo nazo, uzeeni, huhamishia sehemu kubwa zaidi ya utengenezaji wa mkojo usiku. Kila kimoja peke yake mtu anaweza kukimudu. Kwa Mwalimu vilikutana, na juu yake kukaongezwa mambo ambayo hayahusiani na umri hata kidogo.

Kosa langu la wiki mbili

Siku ile ya kwanza nilimweleza kwamba kipimo kizuri ni kuingiza kidole ukeni na kuhisi misuli inavyokaza. Alikataa, na alikuwa na haki kamili. Alikuja kwa goti. Nikamwambia tutangoja mpaka atakapokuwa tayari, au tusifanye kabisa.

Lakini nikafanya jambo lingine ambalo leo najutia. Nilimweleza mazoezi kwa mdomo. "Kaza kama unazuia mkojo, hesabu hadi tano, legeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni." Alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Mimi pia nikaridhika.

Alirudi baada ya wiki mbili akiwa hali mbaya zaidi. Uzito ukeni ulikuwa umeongezeka, na sasa aliuhisi tangu saa tano asubuhi. Alikuwa amefanya mazoezi yote bila kuruka hata siku moja. Ni mwanamke wa nidhamu. Safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyeomba apimwe. Muuguzi alikuwepo chumbani, na tukakubaliana kwamba neno lake moja linatosha kunisimamisha.

Nilipomwambia akaze, alibana pumzi, tumbo likatuna, na kidole changu kikasukumwa nje. Hakuwa anakaza. Alikuwa anasukuma. Kwa siku 14, mara tatu kwa siku, alisukuma chini kibofu ambacho tayari kilikuwa kinashuka, na aliyempa agizo hilo ni mimi.

Jambo hili halikuwa geni katika maandishi ya fani yetu. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwapa wanawake 47 maelekezo mafupi ya mdomo kisha wakawapima: karibu nusu tu walikaza ipasavyo, na mmoja kati ya wanne alifanya kwa namna inayoweza kuleta uvujaji badala ya kuuzuia. Nilikuwa nimeusoma utafiti huo. Kusoma hakukunisaidia siku ile nilipokuwa na wagonjwa wanne wanaosubiri nje.

Hata Arnold Kegel, daktari wa Marekani ambaye jina lake limebebwa na mazoezi haya, hakuyaanzisha kwa mdomo. Alipoyaandikia mwaka 1948 alikuwa na kifaa kinachowekwa ukeni na kuonyesha nguvu ya mbano kwenye saa ya kipimo, ili mwanamke aone kwa macho anachofanya. Dunia ilichukua mazoezi ikaacha kipimo. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya wanawake wengi kukwambia, "Nilijaribu, hayasaidii."

Tulianza upya. Nilimlaza chali, magoti juu, ili uzito wa viungo usimwelemee. Nikaacha kabisa neno "mkojo" na kumwambia afikirie kuzuia hewa isitoke nyuma, kisha aivute ndani na juu kuelekea kitovu huku akitoa pumzi. Tumbo laini, makalio yamelegea. Jaribio la nne nilihisi mbano. Hafifu, lakini unaelekea kunakotakiwa. "Huo," nikamwambia. "Huo huo." Akasema hakuwahi kujua kwamba kuna kitu pale kinachoweza kusogezwa.

Kipimo kilichofuata

Nguvu ya mbano ilikuwa 2 kwenye kipimo cha 0 hadi 5, na aliushikilia sekunde tatu. Upande wa kushoto, pale msuli unapojishika kwenye mfupa wa kinena, kidole kilikuta pengo, msuli haukuwepo. Hiyo ndiyo alama ya koleo, miaka 34 baadaye. Ukuta wa mbele wa uke, unaobeba kibofu, ulikuwa umeshuka hadi usawa wa kizinda aliposukuma. Kwa vipimo tunavyotumia hiyo ni daraja la pili kati ya manne. Tishu zilikuwa kavu na zimepauka.

Mkojo ulipimwa: hauna maambukizi, hauna damu, hauna sukari. Ultrasaundi baada ya kukojoa ilionyesha kwamba kibofu kinajimwaga vizuri. Hatua hizi hazirukwi. Damu kwenye mkojo, kutokwa damu ukeni baada ya hedhi kukoma, ganzi sehemu za siri au kushindwa ghafla kukojoa si mambo ya mazoezi. Ni ya daktari, bila kuchelewa.

Kilichonifumbua macho zaidi ni daftari la mkojo. Kwa siku tatu Mwalimu aliandika kila alichokunywa na kila alichokojoa, kwa kikombe chenye vipimo. Aliliandika kama anavyoandika rejista ya darasa, kwa mistari iliyonyooka. Mchana alikojoa mara 13, mililita 90, 110, 80. Maji yenyewe alikunywa chini ya lita moja kwa siku. Lakini asubuhi moja, baada ya usiku aliolala kuliko kawaida, aliandika mililita 380.

Namba hiyo moja ilisema mengi. Kibofu chake hakikuwa kidogo. Kilikuwa na uwezo wa kubeba. Ila kwa miaka alikuwa amekifundisha kudai kikiwa na chini ya nusu kikombe, kwa kuingia chooni kila anapopita na kwa kunywa maji machache kiasi kwamba mkojo ulikuwa mkali, unaochokoza ukuta wa kibofu. Maji machache hayohayo ndiyo yaliyofanya choo kiwe kigumu, na choo kigumu kikamfanya asukume kila asubuhi, na kusukuma kukashusha sakafu ileile aliyokuwa anajaribu kuilinda. Alijikinga kwa njia zilizomdhuru, na kila mwanamke mwenye tatizo hili ninayemfahamu hufanya vivyo hivyo kwa sababu hakuna aliyemwonyesha nyingine.

Kikohozi

Nimekiacha kikohozi mpaka hapa, nacho kilikuwa kimetukodolea macho tangu mwanzo.

Nilimwomba alete dawa zake zote. Dawa ya presha ilikuwa enalapril, na aliianza miezi tisa iliyopita, mwezi mmoja kabla mambo hayajamzidia. Kundi hili la dawa, ambazo majina yake huishia na "-pril", huleta kikohozi kikavu kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi, na mara nyingi zaidi kwa wanawake. Si dawa mbaya, zinaokoa maisha. Lakini kikohozi ni pigo kwenye sakafu ya nyonga. Shinikizo la tumbo hupanda ghafla, sakafu inapaswa kujibu ndani ya sehemu ya sekunde. Mwalimu alikuwa anakohoa siku nzima. Tungeweza kumfundisha mazoezi bora duniani, na kila jioni kikohozi kingekuwa kimebomoa tulichojenga asubuhi.

Nilimwandikia daktari wake, nikamsisitizia Mwalimu asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, maana presha isiyotibiwa haina huruma. Daktari alimbadilishia kundi lingine la dawa lisilo na tabia hiyo. Wiki ya tatu kikohozi kilikuwa kimekwisha. Chaki haikuwa na hatia.

Ni vyema kujua kwamba dawa nyingine za presha nazo hugusa mkojo kwa njia tofauti: zile za kuongeza mkojo, na zile kama doxazosin na prazosin zinazolegeza shingo ya kibofu. Mwanamke akisema uvujaji umeanza au umezidi hivi karibuni, swali la kwanza baada ya maambukizi liwe: nini kimebadilika kwenye mfuko wako wa dawa?

Tulichofanya

Mazoezi: mara tatu kwa siku, angalau mbano nane kila mara, nusu ya kushikilia kadiri anavyoweza na nusu ya haraka. Baada ya mwezi aliyafanya amekaa, kisha amesimama. Miezi mitatu ndiyo muda wa chini kabla ya kuamua kama yanasaidia, na hili nilimwambia mapema ili asikate tamaa wiki ya nne. Ushahidi wake si wa kubahatisha. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikuta kwamba kati ya wanawake wanaovuja wanapokohoa au kufanya kazi ya nguvu, 56 kati ya 100 waliofanya mazoezi walisema wamepona, dhidi ya 6 kati ya 100 wasiofanya.

Nilimfundisha pia kukaza kabla, yaani kubana sakafu nukta moja kabla ya chafya, kabla ya kuinuka, kabla ya kunyanyua madaftari. Hili halihitaji msuli mnene. Linahitaji kuwahi. Lilikuwa jambo la kwanza lililompa matokeo, na siku alipopiga chafya darasani akabaki mkavu alinipigia simu wakati wa mapumziko.

Kibofu tulikifundisha upya kwa saa. Alianza na pengo la saa moja kati ya safari na safari, akaongeza dakika 15 kila wiki. Hamu ya ghafla ikija alisimama palepale, akabana haraka haraka mara tano sita, akasubiri wimbi lipite, ndipo akatembea. Kukimbia ni kosa, maana kunachochea kibofu na kuangusha mtu. Maji yalirudi hadi lita moja na nusu, yakipungua jioni. Chooni aliweka kigoda chini ya miguu, magoti yakawa juu ya nyonga, akainama mbele, akaacha kusukuma.

Daktari wa wanawake alimwandikia krimu ya estrojeni ya ukeni, kila usiku kwa wiki mbili kisha mara mbili kwa wiki. Aliogopa neno "homoni", jambo linaloeleweka. Aliambiwa ukweli: dozi ni ndogo, kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, na mwenye historia ya saratani ya matiti huzungumza kwanza na daktari wake wa saratani. Krimu haiinui kibofu kilichoshuka. Hurudisha unyevu na unene wa tishu, hupunguza mchokozo wa kibofu na maambukizi ya mkojo yanayojirudia.

Uzito wa jioni ulibaki. Aliniuliza, "Si bora nikatwe tu nimalize?" Upasuaji upo na kwa wengine ndio jibu. Marekani, mwanamke mmoja kati ya tisa hivi alikadiriwa kufanyiwa upasuaji wa kushuka kwa viungo au wa mkojo kabla ya kufika miaka 80, na sehemu yao walirudi kwa upasuaji wa pili. Pia kuna historia ya kukumbuka: nyavu za plastiki zilizokuwa zikiwekwa kupitia ukeni kurekebisha viungo vilivyoshuka ziliwaumiza wanawake wengi, na mwezi Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru ziondolewe sokoni kwa matumizi hayo. Kwa msuli uliong'oka kama wake, uwezekano wa kushuka tena baada ya upasuaji ni mkubwa zaidi. Nilimwambia hayo yote ili achague akijua.

Alichagua pesari, pete laini ya silikoni inayowekwa ukeni na kuinua ukuta. Ya kwanza ilitoka siku ya pili. Ya pili, kubwa kidogo, ikakaa. Alijifunza kuiweka asubuhi za kazi na kuitoa usiku, kuiosha kwa maji na sabuni. Nashangaa kila mara jinsi kifaa hiki cha zamani kinavyojulikana kidogo na wanawake wanaokihitaji.

Na taa. Tuliweka taa ndogo kwenye ujia wa nyumba yake na kuondoa zulia lililokunjamana. Katika mpango wote huo, kitu kilichomkinga na mfupa kuvunjika usiku wa kwanza ni hicho.

Wiki ya 16

Mbano umefika 3, anaushikilia sekunde nane. Pengo la kushoto liko palepale. Msuli uliong'oka haushonwi kwa mazoezi, ila uliobaki umejifunza kubeba. Ukuta wa mbele uko daraja lilelile nilipompima, ingawa yeye anahisi tofauti kubwa. Nalisema wazi kwa sababu wagonjwa huahidiwa kwamba kila kitu kitapanda kirudi mahali pake. Mara nyingi kinachopungua ni dalili, na kwa anayeishi nazo hilo si dogo.

Mchana anakojoa mara saba. Usiku mara moja. Anavuja mara moja au mbili kwa wiki, kwa matone. Ufunguo mlangoni bado humsumbua. Goti limepona, anapanda ngazi bila kushika ukuta.

Siwezi kusema ni kipi kilichofanya kazi. Mgonjwa mmoja aliyebadilishiwa mambo mengi kwa pamoja hatupi jibu hilo. Maoni yangu, kwa kuzitazama tarehe, ni kwamba kuondoka kwa kikohozi na kusahihisha mbano ndiko kulikofungua njia, na mengine yakapita hapo. Alipokuwa anasahihisha mitihani aliacha mazoezi wiki tatu, uvujaji ukarudi, akaanza tena, ukapungua. Hilo angalau linaonyesha kwamba msuli huu unataka kutunzwa kama mwingine wowote.

Ninachofanya tofauti sasa ni mambo mawili. Simpi mwanamke zoezi la sakafu ya nyonga bila namna ya kuthibitisha kwamba anainua na hasukumi: kwa kidole akiridhia, kwa ultrasaundi juu ya tumbo asiporidhia, au kwa kioo kidogo nyumbani, akiangalia kama msamba unaingia ndani au unatuna. Na kila mwenye zaidi ya miaka 50 anayeletwa kwangu kwa kuanguka namuuliza alikuwa anaelekea wapi, saa ngapi, na kama alikuwa anawahi. Hushangaa kidogo, kisha hujibu. Tangu kisa cha Mwalimu nimeshapata jibu lilelile mara kadhaa.

Binti yake amejifungua mtoto wa kwanza mwezi uliopita. Mwalimu amempangia siku ya kuja kupimwa, wiki ya sita baada ya uzazi, na ameandika tarehe hiyo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la mkojo.